Nyama ya Mfukoni

Nyumbani kwetu hakuna haja ya jogoo. Saa kumi na mbili asubuhi shoka la Baba huanza kugonga gogo la kukatia nyama, na hapo hata uvute shuka mpaka puani, usingizi umekwisha. Bucha letu linatazama barabara, nyumba yetu iko nyuma yake, na katikati kuna ua wenye zizi dogo, pipa la maji na chumba cha sakafu ya saruji ambamo Baba hufanyia kazi yake kabla jua halijapanda. Kazi yangu asubuhi ni kufagia mbele ya bucha, kufuta mizani kwa kitambaa chenye sabuni, na kumpokea Daktari Muhuri.

Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Yeye ni daktari wa mifugo, na kila asubuhi hupita na mkoba wake kukagua nyama. Hukata kidogo hapa, huminya pale, hunusa, na akiridhika hugonga muhuri wa wino wa buluu kwenye paja. Akimaliza hunawa, hupanda pikipiki yake na kwenda kumtibu ng'ombe wa mtu, au mbuzi aliyevimba tumbo. Siku moja nilimuuliza, "Daktari, asubuhi unakagua waliokufa, mchana unatibu walio hai. Huchanganyikiwi?"

Alicheka. "Chiriku, swali hilo nilianza kujiuliza wewe hujazaliwa," akasema, akawasha pikipiki akaenda zake bila kunijibu.

Chiriku ndiye mimi. Mama anasema tangu nilipojua kusema sijanyamaza. Kaka zangu wawili wako shule ya bweni, kwa hiyo maneno yote ya nyumba hii yameniangukia mimi peke yangu. Ndiyo maana hata mimi nashangaa nilivyoweza kukaa wiki saba nzima na jambo moja kifuani bila kumwambia mtu.

Kwanza mlijue bucha lenyewe. Mlango wa kutoka dukani kwenda uani una pazia zito la turubai. Zamani halikuwepo. Wateja ndio waliolitaka. "Mzee, funika huko nyuma, unatutoa hamu ya kula," walimwambia Baba. Kuna mwalimu mmoja wa chekechea aliingia siku moja, akaona kichwa cha mbuzi mezani, akashika kifua. "Maskini, kananiangalia!" Baba akakifunika upesi kwa gunia. Yule mwalimu akashusha pumzi, akanunua kilo mbili za mbuzi, tena akasisitiza apewe mbavu. Sikutunga, nilikuwa pale pale na ufagio mkononi.

Baba mwenyewe ana namna yake. Hasemi "ng'ombe". Husema "mzigo". "Kesho inaingia mizigo miwili," humwambia Mama. Ng'ombe akishashuka garini, kwa Baba ni mzigo, hata kama anampapasa shingo na kumtuliza kwa sauti ya chini. Na Mama naye? Mama ana kuku mmoja mzee, manyoya yamempukutika shingoni, hajataga tangu mwaka juzi. "Huyu hachinjwi," husema Mama. "Huyu ni mtu wetu." Kuku wa kula humnunua sokoni, ambaye keshanyonyolewa na hana kichwa. Basi sisi tunakula kuku wa sokoni, na kuku wetu anazunguka chini ya meza akiokota punje za wali. Miaka kumi na miwili sikuona ajabu yoyote. Nilikula nikalamba na vidole.

Mpaka alipokuja yule dume mwekundu.

Ilikuwa Ijumaa. Nilirudi kutoka shuleni nikaenda zizini kuwanywesha ng'ombe maji, maana hiyo nayo ni kazi yangu. Walikuwa watatu. Wenzake wawili walikunywa wakageuka. Huyu mwekundu, aliyekuwa na sikio moja lililochanika, alimaliza kunywa akanisogelea, akaanza kunilamba kiganja. Njiani nilikuwa nimekula karanga za chumvi. Ulimi wake ulikuwa wa moto, unakwaruza kama msasa. Nilicheka peke yangu zizini. Nikakimbia jikoni kuchota chumvi kidogo, nikarudi, akalamba tena, akaniwekea na kichwa chake begani. Tulikaa hivyo mpaka Mama akaniita mara tatu.

Jumamosi mchana Mama alipika ulimi.

Ulimi hatuli mara nyingi, kwa kuwa una wateja wake. Siku hiyo Baba aliuweka kando kwa ajili yetu. Mama aliuchemsha, akaumenya, akaukata vipande na kuukaangia nyanya na vitunguu. Nilitia kipande kinywani. Ulimi wangu ulipogusana na ule ulimi, nikakumbuka kiganja changu. Sikutapika wala sikulia. Kile kipande kilikaa tu, hakiendi mbele wala hakirudi nyuma, na Baba alikuwa akinitazama kwa furaha, anasubiri nisifu.

"Vipi, Chiriku? Leo umekosa neno?"

"Kitamu, Baba," nikasema, shavu limevimba.

Nikajifanya nakohoa, nikakitema kiganjani, nikakisukumia mfukoni mwa sketi. Nilidhani ni siku moja tu, kesho nitazoea. Kesho yake ikawa vilevile. Hata vipande vya paja, hata nyama ya kusaga. Kila nikisogeza kijiko, mkono unakwaruzwa na ulimi ambao haupo.

Mtaniuliza, si ungesema tu? Nyinyi hamumjui shangazi yangu.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Kila mwisho wa mwezi huja buchani, husifu nyama ya Baba mpaka wateja wageuke, na hufungiwa mnofu mzuri aende nao kwake. Lakini Baba akinyoosha mkono kumsalimia, Shangazi hurudisha wake nyuma. "Tusalimiane kwa mdomo, ndugu yangu. Mikono yako hiyo, kila siku damu!" Baba hucheka kama mzaha. Shangazi akishaondoka na nyama yake, Baba huenda bombani akanawa kwa sabuni na limau mpaka kwenye viwiko. Kisha hunawa tena. Nimemwona si mara moja, na kila mara roho huniuma.

Sasa mimi, binti yake wa pekee, nimwambie nini? Kwamba chakula anachokihangaikia tangu alfajiri kinanishinda kumeza? Kwamba na mimi naiogopa mikono yake? Nilijiambia heri nibebe siri hii mpaka nizeeke.

Nyama ya mfukoni ilihitaji pa kwenda, ikapata kwa Kamanda. Kamanda ni mbwa wa jirani yetu, fundi cherehani, mama mzee mjane ambaye mtaa mzima unamwita Bibi Fundi. Bibi Fundi hushona barazani kwake kutwa nzima, na Kamanda hulala miguuni pake, karibu na pedali. Ni mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, na hana urafiki na mtu. Hasa hasa hampendi muuza maji, baba mmoja wa watoto wanne anayepita na mkokoteni wa madumu. Wakati fulani Kamanda alimrarua suruali, na yule baba akapiga kelele mbele ya watu wote, "Bibi, mfunge mbwa wako! Siku moja nitamwekea kitu hapa, mtanikumbuka!" Watu walicheka. Hakuna aliyejua maneno yale yatarudi kumsumbua.

Kila baada ya chakula nilipita uchochoroni, Kamanda akaweka pua kwenye tundu la ua, nyama ikaisha. Nikaanza kubeba mfuko wa nailoni ili sketi isichafuke. Nilijiona mjanja. Kumbe najichimbia shimo. Mama aliona nyama inaisha upesi kwenye sahani yangu, akafurahi. "Siku hizi mwanangu una hamu! Ongeza, ongeza." Akanipakulia mara mbili. Baba naye akaanza kunitangaza kwa wateja: "Binti yangu huyu anakula nyama kuliko kaka zake wote." Kila sifa ilikuwa msumari mwingine kwenye mlango niliojifungia. Jinsi walivyofurahi ndivyo nilivyozidi kushindwa kusema. Kengele ya chakula cha mchana ilipolia shuleni nilishukuru, kwa sababu kule tulikula maharage. Nyumbani, nikisikia sufuria zikigongana, nilianza kutafuta mfuko wangu wa nailoni.

Tena nikaanza kukonda. Mama hakuelewa. "Mtoto anakula kama mchimba kisima, mbona mifupa inaonekana?" Akanitazama macho, akanitazama kucha, akaamua. "Minyoo!" Nikanyweshwa dawa ya minyoo, chungu kuliko kawaida. Niliimeza nikiwa nimemkazia macho kuku wetu mzee chini ya meza.

Wiki ya saba, siku ya Jumapili, Mama alipika kuku wa sokoni. Mimi nikapewa paja zima. "Likuongezee damu," akasema. Walipogeuka kumtazama kuku mzee aliyepanda juu ya kiti, paja likaingia kwenye mfuko wa nailoni, na mfupa wake.

Sikuwaza lolote kuhusu mfupa. Mimi ni mtoto wa bucha. Tangu nikiwa mdogo nimeona Baba akiwarushia mbwa wa mtaa magoti ya ng'ombe na mbavu, wanatafuna huku wamefumba macho kwa raha. Kwangu mimi, mbwa na mfupa havikuhitaji mashauri. Kamanda alilimeza lile paja kwa mafundo mawili, akaramba pua. Nikarudi kuosha vyombo nikiimba.

Sikumaliza vyombo. Nilisikia Bibi Fundi akipiga ukelele. "Kamanda! Jamani, Kamanda anakufa! Wamempa sumu!"

Tulikimbia sote. Kamanda alikuwa amenyoosha shingo barazani, mdomo unatoka povu na mate ya kuvutika, anajikuna usoni kwa miguu ya mbele, anajaribu kukohoa kitu kisichotoka. Majirani walikwisha jaa. Na bahati mbaya haina hodi: muuza maji naye alikuwa anapita na mkokoteni wake.

"Ni wewe!" Bibi Fundi akamrukia, akamkamata shati, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni mwake. "Ulisema utamwekea kitu! Mtaa mzima ulisikia!"

"Bibi, haki ya Mungu, sijamgusa! Yale yalikuwa maneno ya mdomoni tu, moyoni sikuwa nayo."

"Apelekwe kituoni!" mtu mmoja akasema. Mwingine akashika mkokoteni. Mwingine akavuta dumu moja, likaanguka, maji yakamwagika barabarani.

"Jamani, msivunje madumu," yule baba akaomba. "Watoto wangu wanne wanakula kwa madumu haya."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama. Kwanza sikuunganisha. Kisha nikaona jinsi Kamanda anavyonyoosha koo, nikakumbuka yale mafundo mawili. Nilijua. Katika umati ule wote ni mimi peke yangu niliyejua.

Baba alipiga simu, kisha akapiga magoti, akakiweka kichwa cha Kamanda mapajani pake. Alimshika taya kwa utaratibu, akimnong'oneza kama anavyowanong'oneza ng'ombe wake. Haukupita muda Daktari Muhuri akafika. Alimpima mbwa mapigo ya moyo, akampapasa tumbo, akammulika kinywani kwa tochi.

"Hapa juu sioni kitu," akasema.

"Ni sumu, Daktari! Huoni povu?" Bibi Fundi alikuwa analia sasa.

"Yawezekana." Akafungua mkoba, akachanganya dawa kwenye kikombe kidogo. "Kama ni sumu, lazima nimtapishe sasa hivi, nikichelewa atakufa. Lakini nisikilizeni kwanza. Kama amemeza kitu chenye ncha, nikimtapisha kitamchana koo wakati wa kurudi, atakufa vilevile, tena mikononi mwangu. Amekula nini leo?"

"Uji tu, asubuhi," akasema Bibi Fundi.

"Hakuna mtu aliyempa kitu kingine?"

Watu wote wakamgeukia muuza maji, naye akatazama chini, akatikisa kichwa.

Nilimtazama Baba. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la Jumapili, limelowa mate ya mbwa. Nikisema, nitasema yote, maana huwezi kusema nusu: watakuuliza kwa nini ulimpa, lini, mara ngapi. Nikinyamaza, mbwa atafia palepale mapajani pake, na mtu mwenye watoto wanne atapelekwa kituoni kwa ajili ya paja langu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Niliomba mtu mwingine yeyote aseme neno. Daktari akainua kikombe. Wakati huohuo Kamanda akaniona kati ya miguu ya watu, na pamoja na maumivu yake yote, akatikisa mkia. Alidhani nimemletea tena.

"Mimi!" nikapiga kelele. "Usimtapishe, Daktari! Nimempa paja la kuku. Na mfupa wake!"

Mama akageuka. "Paja gani? Si ulilila wewe?"

"Sikulila, Mama. Sijala nyama wiki ya saba leo. Zote nampa Kamanda."

Sikuthubutu kumtazama Baba usoni, nikatazama mikono yake. Ilisimama juu ya kichwa cha mbwa, ikatulia kabisa. Kisha nikasikia sauti yake, ya kawaida tu. "Umesikia, Daktari. Ni mfupa."

Daktari akamwaga ile dawa chini. Akamdunga Kamanda sindano ya kumlegeza, akatoa koleo jembamba refu, akamwambia Baba apanue taya na asitikisike. Nilihesabu pumzi zangu mpaka nikapoteza hesabu. Mara koleo likatoka, na kwenye ncha yake kuna kipande cha mfupa kilichovunjika mshazari, kirefu kama kidole changu, kikali kama sindano ya gunia. Kamanda akavuta pumzi ndefu, akalaza kichwa.

"Huu hapa mtuhumiwa wenu," Daktari akasema, akauinua watu wauone. "Mfupa mbichi wa ng'ombe mbwa anausaga. Wa kuku ukishapikwa unakauka, unavunjika vipande vyenye ncha. Chiriku, ungechelewa kidogo tu ningekuwa nimekwisha mnywesha dawa."

Bibi Fundi aliachia lile shati, akaanza kulipapasa kwa kiganja mikunjo iondoke. "Nisamehe, baba. Hasira imenipofusha." Mimi nami nikamsogelea muuza maji, nikamwomba radhi.

"Mwanangu," akasema, "dakika mbili zaidi na watoto wangu wangesikia kwamba baba yao ni muuaji wa mbwa." Akaokota dumu lake, akaondoka. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniliza.

Nyumbani nilisubiri kipigo. Baba alikaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, bado na shati lake lile lile. Akanionyesha nikae mbele yake, chini.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nikamweleza: chumvi, ulimi, mfuko wa nailoni, yote. Mwisho nikamwambia: "Niliogopa utaniona kama Shangazi."

Baba alinyanyua uso, akaushusha.

"Shangazi yako anakula nyama yangu na anaukataa mkono wangu," akasema. "Wewe nyama hukula, lakini siku zote hizo umenishika mkono asubuhi na jioni. Hamfanani hata kidogo."

Nilijikaza, nikashindwa, nikalia kwa kwikwi. Alisubiri nimalize. Kisha nikamuuliza lile ambalo halikunipa raha wiki saba. "Baba, wewe huwaonei huruma?"

"Nawaonea. Yule mwekundu nilimwonea sana, alikuwa mpole. Halafu nikafanya kazi yangu, na mchana nikala. Yote mawili ninayo, Chiriku, na usiniulize yanakaaje pamoja ndani ya mtu mmoja, sijui. Wateja wanataka pazia. Mama yako anataka kuku asiye na kichwa. Mimi nasema 'mzigo'. Nilianza kusema hivyo mwaka wa kwanza wa kazi hii, kwa sababu ukisema 'mzigo' mkono hautetemeki, na mkono ukitetemeka mnyama anateseka. Kila mtu ana mahali pake pa kujifichia."

Sikujua kwamba Baba naye hujificha. Kwa mara ya kwanza nilijihisi sikuwa peke yangu katika kile chumba nilichojifungia.

"Basi nitakula tu, nitajizoeza," nikasema.

"Nani amekwambia ule? Kama huwezi, huwezi. Utakula maharage, mayai, mboga, na Mama yako atamuuliza muuguzi ili damu yako isipungue. Dagaa je, nao hutaki?"

Nilifikiri. "Dagaa hawajanilamba."

Baba aliangua kicheko mpaka ndoo ikayumba. Lakini alipomaliza alinishika mabega, na macho yake hayakuwa na mzaha.

"Sasa sikia, na ulishike. Kumhurumia ng'ombe si kosa. Kukataa nyama si kosa. Kosa ni kuificha. Ulificha usinitie uchungu mimi, ukamtia uchungu mbwa, na mtu asiye na hatia nusura apelekwe kituoni. Huruma ukiiweka mfukoni inaoza kama nyama nyingine yoyote. Ukiona jambo limekushinda, lilete mezani tulione wote. Hata kama litaniuma, niache niumie. Mimi ni mtu mzima, nitapona."

Akanipa na adhabu, maana Baba si mtu wa kusahau. Kila asubuhi kabla ya shule nitampikia Kamanda uji laini mpaka Daktari aseme koo limepona. Na kesho yake tungekwenda wote wawili kwa muuza maji, nikamwombe radhi mbele ya watoto wake. Nilikubali yote mawili.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila neno. "Na mimi nikakunywesha dawa ya minyoo!" akasema, akashika kichwa, hajui acheke au alie. Kisha akaingia jikoni kwa haraka, nikasikia sufuria zikigongana.

Jioni tulikaa mezani. Baba akajipakulia nyama yake, akaila mbele yangu bila kuificha. Mimi nikaletewa bakuli la maharage, na Mama na Baba wakanitazama, wanasubiri. Nilikula kijiko kimoja, nikakisikilizia, nikaweka kijiko chini.

"Mama," nikasema, "maharage yameungua."